Damu Kuganda Mguuni Baada ya Upasuaji wa Ligamenti ya Goti: Jinsi ya Kuijua Hatari Yako Hatua kwa Hatua

Mtu akikatika ligamenti ya goti, yaani kamba ngumu inayounganisha mifupa ya goti, iwe uwanjani au kwenye ajali ya bodaboda, mazungumzo yote hulizunguka goti: litakunjika lini, atatupa magongo lini, atarudi kukimbia lini. Mishipa ya damu inayopita nyuma ya goti hilo haina anayeiulizia. Mimi pia sikuiulizia. Nilikuwa na umri wa miaka 41, mwalimu wa shule ya msingi na kocha wa netiboli hapa Mwanza. Nikafanyiwa upasuaji Dar es Salaam, goti likatengenezwa vizuri, nikarudi nyumbani kwa basi, na siku ya 11 kipimo cha ultrasaundi kikaonyesha bonge la damu katika mshipa wa ndani wa shavu la mguu. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao ningeufuata mimi mwenyewe kama ningepewa nafasi ya kuanza upya, na daktari anayenitibu ameusoma.

Kwanza, ukubwa wa jambo lenyewe. Baada ya upasuaji wa kutengeneza ligamenti ya goti, bonge la damu lenye kuleta dalili ni jambo la nadra; katika takwimu nyingi humpata mtu 1 au pungufu katika kila wagonjwa 100. Hata hivyo, hatari hiyo haigawanywi sawasawa. Kijana wa miaka 20 asiye na ugonjwa wowote anabeba sehemu ndogo sana, na mama wa miaka 41 anayemeza vidonge vya majira, aliyekaa kwenye siti ya basi tangu alfajiri hadi usiku, anabeba sehemu kubwa kuliko alivyodhani.

Damu huganda ndani ya mshipa kwa sababu tatu, ambazo kwa desturi huhusishwa na jina la Rudolf Virchow, tabibu wa Ujerumani wa karne ya 19: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda kuliko kawaida. Mbili za mwanzo huletwa na upasuaji wenyewe, kwa kiasi fulani, kwa karibu kila mgonjwa. Ya tatu mgonjwa huja nayo kutoka nyumbani, na daktari hawezi kuiona kwa kulitazama goti. Asipoambiwa, hataijua.

Hatua ya kwanza: andika orodha yako kabla ya siku ya upasuaji

Chukua daftari, kaa na mtu mzima wa ukoo wenu, na uandike. Nasisitiza mtu mzima wa ukoo kwa sababu swali la kwanza si lako peke yako: je, yupo kati ya wazazi, ndugu wa tumbo moja au watoto wako aliyewahi kupata bonge la damu mguuni au kwenye mapafu? Katika familia zetu jambo hili halisemwi kwa jina hilo. Utasikia kwamba marehemu “alivimba mguu mmoja baada ya kujifungua, akakata pumzi ghafla,” au kwamba alirogwa mguu. Yaandike maneno hayo kama yalivyo, umpelekee daktari; yeye ndiye atakayeamua kama yana maana. Ikiwa wewe mwenyewe uliwahi kupata bonge, hata kama ni miaka 15 iliyopita, liandike juu kabisa ya ukurasa, kwa sababu katika yote yanayofuata hakuna linalolizidi kwa uzito.

Baada ya ukoo, andika dawa. Hapa ndipo nilipoteleza mimi. Niliulizwa kama ninatumia dawa yoyote, nikajibu kwamba situmii, kwa kuwa vidonge vya majira sikuvihesabu kuwa dawa. Kwangu vilikuwa kama chumvi ya jikoni. Vidonge vyenye homoni mbili, yaani estrojeni na projestini kwa pamoja, huongeza uwezekano wa damu kuganda, na madaktari wengi hushauri viachwe wiki 4 kabla ya upasuaji unaomlaza mtu, huku njia nyingine ikitumika. Usiviache kimyakimya bila kupata njia mbadala, kwa kuwa ujauzito wenyewe huongeza hatari hiyo kuliko vidonge. Kijiti cha mkononi na kitanzi havimo katika kundi hili; sindano ya miezi mitatu imehusishwa katika baadhi ya tafiti na ongezeko fulani, kwa hiyo nayo itajwe. Mama aliyejifungua ndani ya wiki 6 zilizopita aseme, hata kama anaona aibu kwamba amekwenda kutibiwa goti akiwa na kichanga.

Kisha yaandike magonjwa. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, haipaswi kusahaulika, kwa sababu Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nayo, na ukanda huu ni mojawapo ya sehemu zenye mzigo mkubwa. Mwenye selimundu damu yake huganda kwa urahisi zaidi, na hata anayebeba vinasaba vyake bila kuugua ana ongezeko la hatari ya bonge la mapafu. Saratani, maambukizi ya VVU na kifua kikuu navyo viandikwe. Viandikwe pamoja na dawa zake, maana rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya baadhi ya vidonge vya kuzuia damu kuganda, na baadhi ya dawa za kufubaza VVU huizidisha. Daktari asiyejua unameza nini anaweza kukupa kinga isiyokinga, au ikakutoa damu.

Yaliyobaki ni mepesi kuyahesabu. Umri: kuanzia miaka 40 hivi hatari hupanda taratibu, nayo huendelea kupanda. Uvutaji sigara. Mishipa iliyotutumka miguuni. Uzito: chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe, jibu likiwa 30 au zaidi, liandike. Mtu wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.65 anapata 30 na kidogo, na mitaani kwetu mtu huyo huitwa mwenye afya njema.

Andika pia ulichofanya tangu siku ya ajali. Mtu aliyefungwa hogo kuanzia paja hadi kifundo cha mguu kwa wiki tatu akisubiri fedha za upasuaji anaweza kufika mezani akiwa tayari na bonge ambalo kisu hakikulisababisha. Ikiwa katika kusubiri huko mguu ulivimba upya au shavu lake liliuma, omba upimwe kabla ya kufanyiwa upasuaji.

Hatua ya pili: uliza kuhusu upasuaji wenyewe

Maswali manne yanatosha. Upasuaji utachukua muda gani? Utagusa ligamenti moja au zaidi, na je, mfupa utakatwa? Paja litafungwa mkanda wa kuzuia damu kwa muda gani? Nitaruhusiwa kukanyaga lini? Upasuaji mrefu, wa ligamenti kadhaa kwa pamoja au wenye kukata mfupa, na unaofuatwa na wiki nyingi za kutokanyaga, hubeba hatari kubwa kuliko ule wa ligamenti moja ambao mgonjwa husimama kesho yake. Kuhusu mkanda, madaktari hujitahidi usizidi takriban saa 2, na kwa mwenye selimundu uamuzi wa kuutumia hufanywa kwa tahadhari ya pekee. Ganzi ya mgongoni na nusu kaputi zote hutumika. Usiingie katika ubishi wa ipi ni bora na mtu aliyekuja kukuona wodini.

Baadaye uliza swali la tano, ambalo wengi huliuliza vibaya: “Kwa hali yangu hii, ninahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda?” Sema “kwa hali yangu,” huku ukimwonyesha orodha. Utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia watu waliofanyiwa upasuaji wa goti wa kutumia kamera, ambao kwa jumla ni mdogo kuliko wa ligamenti. Waliochomwa sindano za kinga kwa siku 8 walikuwa 731, na 5 kati yao walipata mabonge; wasiochomwa walikuwa 720, na waliopata ni 3. Kwa maneno mengine, kumchoma kila mtu hakukusaidia, na dawa hizo zina bei yake pamoja na hatari ya kutoa damu ndani ya goti lililotoka kushonwa. Watu waliowahi kupata bonge hawakuingizwa katika utafiti huo. Ndiyo maana orodha ina kazi: humtenga anayehitaji sindano na asiyeihitaji.

Ukiandikiwa dawa, iwe sindano ya tumboni, kidonge au aspirini, jua idadi ya siku, na uimalize. Usiichanganye na diklofenaki au ibuprofeni ulizonunua duka la dawa kwa ajili ya maumivu bila kumuuliza aliyekuandikia; zikikutana, huongeza uwezekano wa kutoka damu.

Hatua ya tatu: panga safari ya kurudi kama sehemu ya matibabu

Wengi wa Mwanza wanaotengenezwa ligamenti nje ya mkoa hurudi kwa basi, na sijaona karatasi ya ruhusa iliyoandika neno lolote kuhusu hilo. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,100, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga. Safari ya kukaa zaidi ya saa 4 mfululizo huhesabiwa kuwa sababu ya hatari hata kwa mtu mzima wa afya. Fikiria basi mguu uliopasuliwa siku chache zilizopita, umenyooshwa, hauwezi kukunjwa, na mwenzako wa siti ameweka gunia lake mahali ulipotaka kuuweka.

Kwa hiyo uliza kama safari inaweza kusogezwa mbele, angalau hadi uweze kutembea vizuri kwa magongo. Uwezo ukiruhusu, ndege hufupisha kukaa kutoka siku nzima hadi saa moja na ushee. Ikiwa lazima upande basi, kata siti ya kando ya njia upande utakaouwezesha mguu uliopasuliwa kunyooka kuelekea njiani, mweleze kondakta tangu mwanzo kwamba utashuka kila linaposimama, na uchezeshe nyayo zako juu na chini mara 20 au zaidi kila saa, hata abiria wakikushangaa. Kunywa maji. Najua sababu inayotufanya tusinywe: kuchimba dawa porini kwa magongo mawili ni fedheha, hasa kwa mwanamke. Nami nilijinyima maji tangu Morogoro hadi Shinyanga kwa sababu hiyohiyo, na mkojo wangu ulipotoka ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mtu aliyekauka damu yake huwa nzito zaidi. Safiri na ndugu atakayekushika mkono, na kubali fedheha hiyo ndogo.

Hatua ya nne: wiki mbili za kwanza nyumbani

Mabonge mengi hujitokeza katika wiki chache za kwanza, ingawa hatari huendelea kuwa juu ya kawaida hadi miezi 3 hivi. Msuli wa shavu la mguu ndio pampu inayoirudisha damu juu. Usipokaza, damu hulala. Kila saa ukiwa macho, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, visukume mbele, mara 10 hadi 20, kwa miguu yote miwili. Bana msuli wa paja kwa kulisukuma goti chini kuelekea godoro, hesabu hadi tano, achia. Unapoinua mguu, weka mto chini ya kisigino na shavu la mguu. Mto uliokunjwa chini ya goti peke yake huonekana wa starehe, lakini hulizuia goti kunyooka na huibana mishipa inayopita nyuma yake.

Kisha utembee, kwa kiasi ulichoruhusiwa. Hapa Mwanza kuna kikwazo ambacho vitabu havikitaji. Anayeishi Bugarika, Igogo au Mabatini, juu ya mawe, hawezi kutoka mlangoni kwa magongo. Ngazi ni miamba yenyewe, na mvua ikinyesha hata mzima hushuka kwa kushika ukuta. Kwangu ni hatua 63 kutoka mlangoni hadi barabarani, nyingi hazilingani kimo. Matokeo yake nilikaa ndani siku tisa, kitandani na kwenye kochi, nikiamini kwamba ninapumzika kama nilivyoagizwa. Dawa yake si kushuka mlima. Pima chumba chako: kutoka kitandani hadi mlango wa uani na kurudi, mara tatu au nne, kila baada ya saa mbili za mchana. Mwambie mtoto akuwekee kokoto mezani kwa kila mzunguko ili usijidanganye. Anayeweza kuhamia kwa ndugu anayeishi tambarare, Nyakato au Buswelu kwa mfano, kwa wiki mbili hizo, na ahamie.

Soksi za kubana, ukipewa, zivae kwa kipimo chako. Zisizokutosha hukata mguu.

Hatua ya tano: pima, usikande

Kuvimba baada ya upasuaji wa goti ni kawaida, michubuko ya damu kushuka hadi kwenye kifundo ni kawaida, na hilo ndilo linalofanya bonge lijifiche. Kazi yako ni kutofautisha uvimbe unaopungua na ule unaopanda. Tafuta tepu ya fundi cherehani. Chini ya goti, mbele, utagusa kinundu cha mfupa. Kutoka hapo shuka sentimita 10, weka alama kwa kalamu ya wino, kisha zungusha tepu kwenye shavu la mguu. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili, kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani, na uandike. Tofauti inayozidi sentimita 3 kati ya mguu na mguu, au kipimo kilichokuwa kinashuka na sasa kinapanda, ni sababu ya kwenda kupimwa siku hiyohiyo. Vivyo hivyo shavu la mguu linalouma kwa ndani kama limekakamaa na halilegei, ngozi iliyo na joto au wekundu, au kwa sisi weusi ngozi inayong’aa na kubadilika rangi kuliko ya mguu mwingine. Na wapo wenye bonge wasio na lolote kati ya hayo.

Siku ya 9, shavu la mguu wangu lilianza kukaza. Shangazi, aliyekuja kutoka Magu kuniuguza, alilibonyeza kwa dole gumba na kutoa hukumu yake: “Mwanangu, hii ni damu imelala, tuikande ishuke.” Akachemsha maji, akachovya kitambaa, akakanda kwa nguvu za mkulima wa pamba, usiku huo na uliofuata. Nami nilitulia, kwa kuwa mkono wake ulikuwa wa upendo na joto lilituliza maumivu. Asubuhi ya siku ya 11 nilipima kwa tepu niliyoazima kwa jirani: sentimita 38 upande wa kulia, 34 upande wa kushoto. Daktari aliponieleza kwamba kuchua mguu wenye bonge kunaweza kulimegua likasafiri hadi kwenye mapafu, shangazi alikaa chini kwenye benchi na hakusema neno mpaka jioni. Basi mwambieni anayeuguza mapema, kabla hajachemsha maji, na mwambieni kwa heshima: “Shangazi, mguu huu usichuliwe wala kukandwa mpaka upimwe.” Katazo hilo litoke kwa mgonjwa tangu siku ya kwanza, si usiku wa manane mama wa watu akiwa tayari ameshika sufuria.

Hatua ya sita: ukiona dalili

Dalili za mguuni zikukute, nenda kwenye kituo chenye ultrasaundi inayopima mishipa ya miguu. Kabla ya kupanda chombo, piga simu uulize kama mpimaji yupo. Ndani ya jiji zipo Bugando, iliyo hospitali ya rufaa ya kanda, na Sekou Toure ya mkoa. Mweleze anayekupokea tarehe ya upasuaji katika sentensi ya kwanza. Kipo kipimo cha damu kiitwacho D-dimer, kinachotafuta mabaki ya damu iliyoganda, lakini hupanda baada ya upasuaji hata pasipo bonge, kwa hiyo majibu yake kuwa juu hayathibitishi kitu.

Dalili za kifuani hazingoji kupambazuka. Kukosa pumzi ghafla, maumivu ya kifua yanayochoma unapovuta hewa, moyo kwenda mbio, kukohoa damu, kuzimia: hizo ni dharura hata kama mguu hauna kasoro yoyote. Wa Sengerema na Geita sasa wana Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, na hawalazimiki tena kungoja kivuko. Wa Ukerewe na visiwa vingine wafanye hesabu nyingine: ikiwa orodha yako ya hatua ya kwanza ni ndefu, kaa Mwanza mjini kwa wiki hizo mbili badala ya kuvuka, maana ziwa likichafuka usiku hakuna fedha itakayoliamuru boti litoke.

Bonge likipatikana, matibabu ni dawa za kuzuia damu kuganda, kwa kawaida kwa miezi 3 pale sababu inapojulikana kuwa ni upasuaji. Dawa hizo hulizuia lisikue huku mwili wenyewe ukilimaliza taratibu. Mazoezi ya goti huendelea kwa maelekezo ya daktari. Mimi nilirudi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndani ya wiki hiyohiyo. Vidonge vya majira niliviacha, nikawekewa kitanzi. Na lile daftari halikutupwa: ukurasa wake wa kwanza, juu kabisa, sasa una mstari mmoja mpya wenye tarehe, na mabinti zangu wawili wanajua limewekwa katika kabati gani.